SOMO: Rimu saizi gani na tairi gani kwa pikapu msimu wa theluji

Wakuu salaam. Kila baridi ikianza kunusa naulizwa swali lilelile, pikapu yangu imekuja na rimu za inchi 20, nizivalishe tairi za theluji hizohizo au nitafute rimu nyingine? Jibu langu ni moja, shuka. Chukua rimu ndogo kuliko zote inayopita kwenye breki zako halafu tairi iwe na ubavu mrefu. Ila taratibu, maana watu wengi wanaharibia hapo katikati.

HATUA YA 1: Soma tairi uliyonayo
Chuchumaa pembeni ya gari usome ubavuni, tuseme imeandikwa 275/55R20. 275 ni upana kwa milimita, 55 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, 20 ni rimu kwa inchi. Hiyo R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani, iache. Sasa hesabu: 275 mara 0.55 ni 151.25, mara mbili (ubavu wa juu na wa chini) inakuwa 302.5, jumlisha rimu ya inchi 20 ambayo ni milimita 508, unapata 810 na ushee. Hiyo 810 ndo namba ya kulinda, nyingine zote zinaweza kucheza.

Ukienda inchi 18 na 275/65R18 unapata kama 815, ukienda 17 na 265/70R17 unapata 803, yaani tofauti haifiki hata asilimia moja, spidimita itadanganya kidogo sana hata hutajua. Mimi asilimia 3 sivuki.

Kwa nini nashupalia ubavu mrefu? Nilishapinda rimu ya 20 kwenye ukingo wa barabara uliofukiwa na theluji, spidi yenyewe ya mtu anayetembea kwa mguu, ule ubavu mwembamba ukabanwa kati ya ukingo na rimu nikasikia tsssss, upepo wote chini, nabadilisha spea vidole vimekufa ganzi. Ubavu mrefu unalimeza pigo kama hilo. Rimu kubwa ni urembo wa kiangazi.

HATUA YA 2: Rimu yenyewe
Hesabu tundu za nati na upime kipenyo cha mduara wake kwa milimita, 6x135 maana yake tundu 6 kwenye mduara wa milimita 135. Pikapu nyingi ni tundu 6, lakini kuna 6x135 na 6x139.7, kwa macho unaona ni kitu kimoja na hazivaani kabisa. Angalia na tundu la katikati, na rimu isiingie sana ndani wala kutokeza sana nje, ikiwa hivyo utasugua fenda ukikata kona. Halafu kabla hujafunga tairi, vaa rimu tupu gurudumu la mbele, kaza nati, izungushe kwa mkono. Ikipita kwenye kalipa (kile kibanio cha breki) bila kugusa ndo unaenda kufunga tairi, maana ikishafungwa muuzaji hairudishi.

HATUA YA 3: Tairi
Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ile M+S peke yake ni mtengenezaji tu anasema kashata zake (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) zinafaa kwa tope na theluji, hakuna mtihani iliofaulu. Tairi ya kiangazi joto likifika chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi mpira unaanza kukakamaa, hata barabara ikiwa kavu unapoteza mshiko. Ya theluji inabaki laini, na kashata zake zina mikato myembamba kama zimechanjwa kwa wembe, hiyo ndo inang'ata.

Upana: usiongeze, bora upunguze. 245/75R17 ina kimo kama cha 265/70R17, wanapishana milimita 4 tu, ila nyembamba inakata theluji ikaitafuta barabara badala ya kuelea juu yake. Kwenye barafu tupu upana haukusaidii kivile, hapo ni ubora wa mpira.

HATUA YA 4: Mzigo
Hapa ndo wanapojisahau. Baada ya saizi kuna namba, 113 maana yake tairi moja inabeba kilo 1150, 121 ni kilo 1450. Usishuke chini ya ile ya kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ila nawe kama bodi iko tupu mwaka mzima usikimbilie tairi ngumu ya mizigo mizito, utarukaruka tu.

HATUA YA 5: Funga zote nne, kaza nati kwa spana ya kipimo, rudia baada ya kilomita 80 hadi 100. Upepo pima gari likiwa limepoa, kila joto likishuka nyuzi 5 na nusu unapoteza kama psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi).

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi nina fowili (magurudumu yote manne yanavuta), si inatosha na tairi zangu za kawaida?
Jibu: Fowili inakuondoa, haikusimamishi. Kwenye breki magari yote yana magurudumu manne.

Swali: Nikifunga mbili tu nyuma kaka, hela imekaa vibaya?
Jibu: Nyuma itashika, mbele itateleza, unakata kona gari linaenda moja kwa moja. Subiri uzipate nne.

Swali: Nimepata za mtumba, niangalie nini?
Jibu: Namba nne za mwisho kwenye mstari ulioandikwa DOT ubavuni mwa tairi, ndo tarehe ya kutengenezwa, 3221 ni wiki ya 32 mwaka 2021. Halafu kina cha kashata, chini ya milimita 4 mimi sichukui hata kama sheria ya kwenu inaruhusu 1.6, kwenye theluji hiyo ni kipara.

Swali: Na zile zenye misumari?
Jibu: Kwenye barafu hazina mpinzani, ila uliza sheria kwanza, Ujerumani kwa mfano zimepigwa marufuku.

Swali: Kaka nimejaribu rimu tupu ya 17 kama ulivyosema, inagusa kalipa kidogo sana, kama unene wa kadi. Fundi anasema tusage kalipa kidogo itapita.
Jibu: Dada mwambie fundi aweke chini hiyo grainda. Breki haisagwi. Rudisha hiyo 17 ikiwa bado safi, chukua 18 na 275/65, vaa tena tupu, zungusha.