Mtoto wa saratani ya damu akitokwa na upele: namna ya kumkagua nyumbani

Mtoto akirudi Tandahimba au Liwale katikati ya matibabu ya lukemia, wodi ya Dar es Salaam inabaki mbali, na anayemwogesha ndiye anayeona upele kwanza. Mvue nguo mchana, penye mwanga, umtazame utosini hadi nyayoni, pamoja na mdomoni, machoni na sehemu za siri.

Kabla ya chochote, pima joto kwapani. Likifika nyuzi 38, ondokeni saa hiyohiyo, Ligula, Ndanda, Sokoine ya Lindi au hospitali nyingine ya karibu, hata kama vipele ni viwili tu. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, zikiwa chache, maambukizi hayangoji asubuhi. Usitangulize Panadol, itashusha joto na daktari hataliona.

Kisha kandamiza vipele kwa bilauri ya kioo. Visipofifia, hiyo ni damu inayovuja chini ya ngozi, mara nyingi kwa upungufu wa chembe sahani zinazogandisha damu, si mzio wa kawaida. Apimwe damu siku hiyo, na asipewe aspirini, diklofenaki wala sindano ya takoni.

Upele wa kuogopwa kuliko wote mara nyingi hutoka kwa Septrin (dawa ya kuzuia maambukizi) au alopurinoli (dawa ya kushusha asidi ya yuriki), kati ya siku ya 4 na wiki ya 4 tangu dawa ianze. Ngozi huuma kuliko kuwasha, macho huwa mekundu, midomo hutoka vidonda, malengelenge hufuata na ngozi hubanduka. Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, usimpe dozi inayofuata ya dawa hizo mbili, mpeleke hospitali na dawa zake zote. Predinisoloni, dawa ya steroidi katika matibabu ya lukemia, usiikatishe mwenyewe: mwili ulioizoea unaweza kuishiwa nguvu ghafla. Chunusi na mashavu yaliyojaa ni kazi yake ya kawaida, wala si sababu ya kuiacha.

Sindano ya asparaginesi, dawa nyingine ya lukemia, ina hatari yake palepale wodini. Kaeni angalau saa moja baada ya kuchomwa. Mabaka yanayovimba na kuwasha, midomo kufura au kifua kupiga mluzi, mwite muuguzi papo hapo, na jambo hilo liandikwe kwenye faili.

Msimu wa korosho unachanganya wengi. Mafuta ya ganda huunguza ngozi pale yalipogusa, hasa vidole na kando ya mdomo. Upele wa dawa aghalabu hutapakaa pande zote mbili za mwili. Mtoto huyu asikae penye kubangulia wala kwenye moshi wa maganda. Jua nalo humuunguza upesi akitumia methotrekseti au merkaptopurini, nazo dawa za lukemia: mikono mirefu na kofia, na asicheze nje saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni.

Tunawasihi mama na bibi: msimchanje chale, msimkande kwa mitishamba. Kila mchanjo ni mlango wa vijidudu, na damu huenda isikate. Ngozi kavu ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato.

Piga picha upele ulipoanza na baada ya kila saa 12. Andika dawa, tarehe iliyoanza na dozi ya mwisho, kisha ipigie simu wodi mkiwa njiani.