Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwafundisha Watoto Wadogo Mihimili Mitatu ya Dola

Mwalimu au mzazi anayetaka kumweleza mtoto wa miaka minane au tisa jinsi nchi yetu inavyoongozwa aanze kwa kuisoma mwenyewe, taratibu, Ibara ya 4 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kabla hajashika chaki. Hapo ndipo inapoelezwa kwamba mamlaka ya utendaji, ya kutunga sheria na ya utoaji haki yamekabidhiwa vyombo tofauti (ndiyo mihimili mitatu: Serikali, Bunge na Mahakama), na kwamba kila mamlaka ina chombo cha Muungano na chombo cha Zanzibar. Asiyeisoma ataulizwa kwa nini tuna marais wawili na kwa nini Zanzibar kuna Baraza la Wawakilishi ilhali Bunge liko Dodoma, na kwa kukosa jibu atamwamuru mtoto akae chini.

Fundisha vyeo kabla ya majina. Wenye vyeo hubadilika, na darasa linalokariri majina ya viongozi huishia kubishana kuhusu vyama ambavyo wazazi wao wanavishabikia.

Tenganisha mapema polisi na mahakama, kwa sababu kwa mtoto mdogo wote ni watu wa kufunga watu. Mweleze kwamba Jeshi la Polisi na Magereza yako upande wa Serikali, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na kwamba hakimu hamkamati mtu, bali husikiliza pande zote mbili na kuamua. Mweleze pia kwamba asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo anaweza kukata rufaa na kupanda ngazi, hata shauri likafika Mahakama ya Rufani.

Usichore ubaoni nyumba tatu zisizogusana. Mchoro huo ni rahisi kuukariri, lakini haufanani na nchi yetu. Kwa mujibu wa Ibara ya 62, Bunge lenyewe lina sehemu mbili, yaani Rais na wabunge, na ndiyo maana muswada uliopitishwa na wabunge hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Mawaziri wetu huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, Jaji Mkuu huteuliwa na Rais, na Bunge nalo lina uwezo wa kumhoji waziri na hata kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Familia zinazoishi mpakani na kutazama taarifa za habari za Kenya zijiandae kwa swali la ziada, kwa kuwa chini ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 waziri hawezi kuwa mbunge.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni igizo la mahakama. Katika shule moja ya msingi niliyowahi kufundisha, mwalimu wa Darasa la Tatu, mtu mwenye bidii na anayewapenda watoto, alikuwa ameandaa somo la mihimili siku ambayo shilingi 2,000 za mchango wa uji zilipotea kwenye daftari la mwanafunzi mmoja. Akaona amepata mfano hai. Aliwapanga watoto, huyu Rais, hawa wabunge, huyu hakimu, wale wawili polisi wenye rula mkononi, kisha akamwita mbele mvulana aliyebaki darasani wakati wa mapumziko na kumwambia kwamba yeye ni mshitakiwa. Hakuna aliyepangiwa kumtetea. Mwalimu ndiye aliyetunga sheria pale pale, ndiye aliyemnyooshea kidole, na hakimu mdogo aliposita alimtazama mwalimu usoni, akalisoma jibu humo, akatamka kwamba mshitakiwa ana hatia. Darasa zima likapiga makofi. Fedha zilionekana jioni ile ile nyumbani kwa mwenye nazo, zimejificha ndani ya gazeti alilofunikia daftari jingine, lakini mvulana yule alikuwa ameshabandikwa jina la Mfungwa, na aliitwa hivyo bombani, kwenye foleni ya uji na njiani kurudi nyumbani, mpaka akaanza kuaga asubuhi akiwa na sare na kuishia vichochoroni. Mama yake alipokuja ofisini hakuja kugomba. Alikuja kuomba uhamisho.

Somo lililowaingia watoto wale ni kwamba mwenye nguvu akikunyooshea kidole umekwisha, ilhali Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mtu anayeshitakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Kwa hiyo shauri la igizo liwe la kubuni kabisa, lisimhusu mtoto yeyote wala kitu chochote kilichopotea kweli. Mbuzi aliyekula mchicha wa bustani ya shule anatosha. Darasa likae kwanza kama Bunge, Spika aulize wanaoafiki na wasioafiki, watoto waitikie ndiyo au siyo, na anayeigiza Rais aweke saini. Kesi ije siku nyingine, ikiwa na mtetezi na mashahidi. Hakimu aruhusiwe kumwachia mshitakiwa, na mwalimu akae nyuma ya darasa, mahali ambapo uso wake hauonekani. Zamu za vyeo zibadilishwe, asiwepo mtoto anayekuwa mshitakiwa mara mbili.

Mkipanga kuzuru Bunge, ombeni kibali mapema, hasa kwa mkutano wa bajeti unaoanza Aprili na kumalizika Juni. Mkizuru mahakama, chagueni pamoja na uongozi wake shauri linalofaa umri wa watoto, na kumbukeni kwamba mashauri yanayowahusu watoto wenyewe husikilizwa faragha. Pateni ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Ulizeni kwanza kama kuna mwanafunzi ambaye ndugu yake ana kesi mahali hapo au yuko gerezani. Picha za igizo zenye sura za watoto zisisambazwe kwenye makundi ya simu, na anayekataa kuigiza asilazimishwe.