Somo: Kupima maji kwenye mafuta ghafi kwa sentrifuji

Maji yanayoonekana chini ya chupa hayasumbui mtu. Kazi iko kwenye yale yaliyojificha ndani ya mafuta kama vitone. Hayo tunayatoa kwa sentrifuji, mashine inayozungusha neli kwa kasi hadi maji yazame chini.

Anza na chupa, maana hapo ndipo vipimo vingi huharibikia. Fungua valvu ya sampuli, acha mafuta yaliyolala kwenye kijibomba yatoke kwanza, ndipo ukinge. Jaza robo tatu tu; chupa iliyojaa pomoni haitikisiki.

1. Tikisa chupa kwa nguvu, na papo hapo mimina mililita 50 kwenye kila moja ya neli mbili za mililita 100. Ukienda kutafuta kalamu, maji yameshatuama.

2. Ongeza toluini (kimiminika cha kuyeyushia mafuta) iliyoshibishwa maji hadi alama ya 100, na dawa ya kutenganisha mafuta na maji, mililita 0.2. Mvuke wa toluini hushika moto upesi, kwa hiyo moto wowote uwe mbali na hewa ipite.

3. Ziba, geuza neli mara 10, ziweke kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 15. Joto huyeyusha nta, ambayo ikiganda utaihesabu kama uchafu. Geuza tena mara 10.

4. Zipange neli zikikabiliana, zungusha dakika 10 kwa nguvu isiyopungua mara 600 ya uvutano. Mashine yenye kipenyo cha milimita 400, kutoka ncha ya neli hadi ncha, inahitaji takribani mizunguko 1,640 kwa dakika.

5. Soma maji na mashapo chini. Pasha moto, zungusha tena, hadi masomo mawili yafuatane sawa. Jumlisha neli zote mbili, maana pamoja zina mililita 100 za sampuli: 0.4 na 0.4 ni asilimia 0.8.

MASWALI

Mwalimu, toluini kavu ina ubaya gani?
Inakunywa sehemu ya maji ya sampuli, nawe unaandika pungufu.

Katikati ya mafuta na maji napata utando kama povu la kahawia. Nisome juu yake au chini?
Usisome kabisa. Mafuta na maji bado vimeshikana. Ongeza dawa kidogo au jaribu ya aina nyingine, pasha, zungusha upya.

Mkuu, kwenye sampuli ya kisima changu cha mafuta, karibu nusu ya chupa ni maji. Nitikise tu?
Hapana. Yapime kwanza yaliyojitenga. Tuseme sampuli ni mililita 1,000 na maji huru ni 400. Mafuta 600 yaliyobaki yakitoa asilimia 5, hayo ni mililita 30. Jumla 430, yaani asilimia 43. Ukiandika 5, umeficha karibu maji yote.

Neli moja imenipa 0.2, nyingine 0.7. Nichukue wastani?
Ndugu yangu, mwaga zote. Hukutikisa vya kutosha. Rudi kwenye valvu.