Chanjo ya mdondo: kutoka dukani hadi jicho la kuku

Mdondo, au kideri kama wengine mnavyouita, hauna tiba. Ukishaingia bandani unaweza kufagia karibu kuku wote wasiochanjwa. Somo la leo ni chanjo ya matone ya I-2, inayotengenezwa hapahapa Tanzania na TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania), Kibaha.

1. Nunua kwenye duka la dawa za mifugo lenye kibali. Kabla ya kuuliza bei, uliza chanjo inakaa wapi. Ikitolewa rafuni kando ya dawa za minyoo badala ya kwenye friji, aga uondoke.

2. Soma lebo: mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, idadi ya dozi. Dawa na chanjo za mifugo husajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), kama zilivyo za binadamu. Lebo iliyokwanguliwa haina mjadala, hata ukipunguziwa bei.

3. Ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu. Ni kweli I-2 inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, lakini wauzaji wanaisifia kupita kiasi. Ndani yake mna virusi hai, na jua linaviua.

4. Chanja alfajiri, kuku wakiwa bado bandani. Mmoja ashike, mwingine adondoshe: tone moja, jicho moja, awe kifaranga au jogoo. Msubiri apepese ndipo umwachie. Anayeumwa usimchanje.

5. Rudia kila baada ya miezi 3 hadi 4.

MASWALI

Mfugaji, Singida: Mwalimu, shikamoo. Kuku wa jirani wameanza kufa. Nichanje leo?
— Marahaba. Chanja wazima, ila kinga huchukua wiki 1 hadi 2 kujengeka. Wenye virusi tayari chanjo haitawaokoa. Fungia kuku wako, na mwite afisa mifugo.

Mfugaji, Kilosa: Mayai baada ya chanjo yanalika?
— Yanalika. Usiifananishe chanjo na antibiotiki kama oksitetrasaiklini. Hizo zina siku za kusubiri kwa maziwa, nyama na mayai, zimeandikwa kwenye lebo.

Mwanachama, Tanga: Nje ya mada kidogo. Paka wangu ana homa, nimpe nusu ya panadol?
— Hapana kabisa! Panadol ni parasetamoli, nayo ni sumu kwa paka, hata hiyo nusu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.