Meneja wa bidhaa: jinsi ya kumwelewa mteja pamoja na timu nzima, hatua kwa hatua

Mameneja wa bidhaa wengi (wale wanaoamua nini kijengwe kwenye apu) wanageuka matarishi, mteja kasema hivi unawapelekea madevelopa, yani wanaoandika programu, wao wanasema haiwezekani unarudisha kwa watu wa mauzo, na kila ujumbe ukipita mkononi kwako unapungua kidogo mpaka mwisho mnajenga kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Mi nnachofanya ni kuwapeleka wenzangu wakamsikie mteja wenyewe.

Hatua ya 1: Anza na huduma kwa wateja

Hawa ndo wanaongea na wateja kutwa. Omba meseji zenyewe, sio ripoti, sababu kwenye ripoti hasira zote zishatolewa. Nakili maneno ya mteja kama alivyoyaandika.

Hatua ya 2: Tafuta watu wachache wa kuongea nao

Watu 5 wa aina moja wanatosha kuanzia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwajaribisha watu 5 unaona karibu 85% ya matatizo ya matumizi, ila hapo alikuwa anaongelea kupima kama kitu kinatumika kirahisi, sio kupima kama soko lipo, na watu wanavichanganya hivyo viwili kila siku. Alafu usichukue wanaoipenda bidhaa yenu tu, mtafute na yule aliyeacha kutumia.

Hatua ya 3: Uliza alichofanya, usiulize atakachofanya

Hapa ndo kazi ilipo. Ukimuuliza mtu "tukiweka kitufe cha kupakua ripoti utakitumia?" atasema ndio, tena kwa furaha, yani ni adabu tu haina maana yoyote. Muulize "mara ya mwisho ulipohitaji ripoti ulifanyaje?" Utaskia alipiga picha ya skrini akamtumia bosi kwenye WhatsApp, bosi akauliza mbona mwezi uliopita ilikuwa zaidi, ikabidi arudi kutafuta namba za zamani akaandika pembeni kwa mkono. Kumbe shida sio kupakua, ni kulinganisha miezi!

Toyota wanajulikana kwa ule mtindo wa kuuliza "kwa nini" mara 5, ni mzuri kwa mashine iliyoharibika, lakini ukimfululizia mtu hivyo anajiona yuko polisi na anaanza kujitetea. Uliza "ikawaje?", "ukafanya nini baada ya hapo?". Na ukishauliza nyamaza, hata kama kimya kinakukera, usimmalizie sentensi.

Hatua ya 4: Ingia kwenye mazungumzo na developa na dizaina

Mmoja anauliza, mwingine anaandika, na hakuna kutetea bidhaa hata mteja akiiponda. Mkikata simu kaeni dakika 15 kila mtu aseme alichosikia, mtashangaa mlivyosikia tofauti. Faida yake ni kwamba developa anajua vitu wewe huvijui, kwa mfano anaweza kukwambia namba za miezi yote zipo tayari kwenye databezi, inatosha kuongeza safu moja kwenye jedwali, wakati wewe ulishaanza kuota mradi mkubwa.

Hatua ya 5: Andika ukurasa mmoja

Shida ni ya nani, ushahidi upi, nini hatufanyi safari hii, tutajuaje imesaidia. Basi. Watu wa sheria na fedha waone mapema, sio siku moja kabla ya kuitoa kwa wateja.

Hatua ya 6: Mauzo wakija mbio

"Mteja mkubwa hasaini bila hiki kitu." Usikubali, usikatae, omba uingie kwenye simu yao inayofuata na uulize maswali ya hatua ya 3. Wakati mwingine ni kweli na ukurasa wako unabadilika, wakati mwingine ni sharti la mtu wa manunuzi ambaye hata haigusi apu. Jibu likiwa hapana, wape sababu ambayo wanaweza kumwambia mteja, maana "haipo kwenye ratiba" inawaacha wakiaibika mbele yake.

Hatua ya 7: Ikishatoka

Usifurahie waliobonyeza mara ya kwanza, huo ni udadisi. Angalia waliorudi tena pale walipohitaji, kama ripoti ni ya kila mwezi basi subiri mwezi uishe ndo uhesabu. Waliotumia mara moja wakaacha, hao ndo wa kuwapigia simu, na developa aliyeijenga awepo.