Tiketi ya Konseti Uingereza: Picha ya Skrini Si Tiketi

Huu ni mwongozo kwa ndugu zangu mlioko Uingereza ambao mmesikiliza bendi moja ya roki kwenye simu tangu mkiwa bwenini, na sasa bendi hiyo inapiga mji wa jirani. Nendeni. Msimsikilize binamu anayesema roki si muziki wetu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akahamia Uingereza 1964, na Julai 1985 aliwaimbisha watu wote waliojaa uwanja wa Wembley, London, kwa dakika kama 20 tu. Binamu akibisha, mwambie akamuulize mtu wa Forodhani.

Kununua siku tiketi zinapotoka hakuna maneno mengi: fungua akaunti mapema, hifadhi kadi yako, ingia kwenye foleni ya mtandaoni, subiri. Weka kikomo cha bei kabla hujaingia. Bendi ya Oasis walipouza tiketi tarehe 31 Agosti 2024, watu walioingia wakitegemea tiketi ya kusimama kwa pauni 148 walifikiwa na zamu yao wakakuta imebaki ya pauni 355, na saa ya kuhesabu inakimbia. Wengi walilipa kwanza, wakafikiri baadaye.

Balaa lenyewe huanza tiketi zikiisha. Hapo ndipo mimi nilipoingizwa mjini.

Kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani anajitokeza mtu: “Jamani nina tiketi moja, nimepata dharura, nauza kwa bei niliyonunulia.” Kiswahili chake safi, picha yake ana watoto, salamu zake ndefu. Ukituma pauni 85 benki kwa benki, naye anakutumia picha ya skrini: jina la bendi, mlango, safu, kiti, msimbo wa kuskani. Kila kitu ni sahihi, kwa sababu tiketi hiyo ipo kweli, ila ipo kwenye simu yake. Mlangoni mashine iliwaka nyekundu. Nyuma yangu alisimama binti mwenye picha ile ile, kiti kile kile. Kwa adabu zote za Kiingereza tukaombwa tusogee pembeni, na kutokea pale pembeni tukasikia wimbo wa kwanza ukianza.

Picha ya skrini si tiketi. Siku hizi tiketi nyingi za simu zina msimbo unaojibadilisha kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha imeshakufa kabla haijakufikia. Na hata pale ambapo msimbo haubadiliki, anayeskani wa kwanza ndiye anayeingia, wengine wote mnabaki na picha. Tiketi ya kweli huhamishwa ndani ya programu ya muuzaji rasmi, kutoka akaunti yake kwenda akaunti yako, na ikishafika kwako ya kwake haifanyi kazi tena. Anayekataa kuhamisha hana cha kukuuzia, hata kama mnatoka kata moja.

Sasa sikilizeni habari ya benki. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki za hapa zinatakiwa kumrudishia mteja aliyetapeliwa kwa kutuma fedha mwenyewe. Inapendeza kuisikia. Lakini benki inaruhusiwa kukata hadi pauni 100 kwenye dai lako. Zipo zisizokata, ya kwangu ilikata. Toa 100 kwenye 85 uone kinachobaki. Kadi ya mkopo nayo ina ulinzi mzuri wa sheria ya mwaka 1974, ila kitu chenyewe lazima kizidi pauni 100, na inahesabiwa tiketi moja moja: mbili za pauni 60 hazikusaidii. Matapeli ni kama wamekaa na sheria hizi mezani wakapanga bei. Na akikuambia, “Nitumie kwa M-Pesa ya mama,” funga simu. Fedha ikishatoka kwenye benki za Uingereza, ulinzi huo haukuhusu kabisa, na hapa hakuna wa kumpigia ili muamala urudishwe.

Kwa hiyo ukikosa tiketi siku ya kwanza, subiri sehemu ya kuuziana tena iliyo ndani ya programu ya muuzaji rasmi, au tafuta tovuti ya kuuziana tiketi ya Twickets, ambako bei haizidi iliyoandikwa kwenye tiketi, ada kando. Lipa kwa kadi, maana hata ya kawaida ya benki inakupa nafasi ya kudai malipo yarudishwe. Usihadaike na tovuti inayotokea juu kabisa ukitafuta mtandaoni. Nafasi ile mara nyingi ni tangazo la kulipiwa. Sheria ya 2015 inamtaka anayeuza tena aonyeshe bei ya asili, kwa hiyo iangalie kabla hujamwonea huruma muuzaji. Ireland walipiga marufuku ulanguzi huu wa kuuza tena tiketi kwa bei ya juu kuliko ya asili mwaka 2021. Uingereza serikali ilitangaza Novemba 2025 kwamba nayo itafanya hivyo. Nchi inayokutoza faini kwa kuegesha gari vibaya dakika tano imewachekea walanguzi miaka yote hiyo. Sijaelewa hadi leo.

Wapendwa wa nyumbani, nanyi mna lenu. Tiketi ya konseti haimshawishi ofisa wa viza. Mpwa wangu, pata viza kwanza ndiyo tuongee habari za kiti. Na ukipata tiketi usiiweke kwenye status yako, msimbo ukiwa wazi, ili watu wajue umefika Ulaya.

Siku yenyewe beba mkoba mdogo, kumbi nyingi hazikubali unaozidi karatasi ya A4. Mtoto wa chini ya miaka 14 mkatie kiti, huko kwa kusimama kwa kawaida haruhusiwi. Nunua viziba masikio: kwa kelele ya desibeli 100, robo saa inatosha kuanza kudhuru masikio.

Hayo yote ukiyavuka, utaona ninachokisema. Taa zinazimika, besi inakupiga kifuani kabla sikio halijajua ni wimbo gani, na watu elfu ishirini wanaimba ule ubeti uliodhani ni wako peke yako. Waingereza hawa, wanaokaa treni nzima bila kuangaliana, kufikia wimbo wa tatu wamekushika bega wanakuita rafiki. Kesho yake hawakujui. Mimi sioni ubaya, bora usiku mmoja kuliko kutojulikana kabisa.

Angalia ratiba ya treni ya mwisho kabla hujatoka nyumbani. Na fulana za bendi zinauzwa ghali sana pale ndani, kwa hiyo wale mlioniandikia saizi zenu, nimeziona.