Kupanga mafunzo ya kazi za mikoko kwa vijana wa Mikindani na Jomvu, Mombasa

Usianzie ofisini, anzia maskani. Nenda jioni ukae nao, uliza nani anataka kazi hii kwa moyo, na wasichana wenye watoto uwatafute kando manake tangazo la baraza haliwafikii kabisa. Mzee wa mtaa mwambie mapema.

Pesa ya nauli na chakula iwe kwenye bajeti toka siku ya kwanza, kijana anayeishi kwa kibarua hawezi kushinda kwenye mafunzo na njaa, atawacha tu na hatakuwa na makosa.

Ratiba inafuata maji sio saa za ofisi, so angalia bamvua, yale maji makuu ya bahari, likipwa ndio mnashuka Tudor Creek, ule mkono wa bahari. Wafundishe kwa mikono: ile mbegu ndefu ya kijani ya mkoko aigeuze aikague, yenye tundu la mdudu atupe, nzima aichomeke wima kwenye kiriba (kimfuko cha kuoteshea miche) cha matope, ncha iliyochongoka chini.

KFS, shirika la misitu la Kenya, muongee nao kabla ya kupanda, mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Na mnunuzi wa miche atafutwe kabla mafunzo hayajaanza, malipo yaingie kwa simu ya kijana mwenyewe.